Kayaba Isiyo na Matawi

Kangemi, Nairobi
6 Aprili 2003

Wifi Mercyline,

Wajina wako Naliaka amesimama nyuma ya bega langu ananiamuru nianze na salamu zake, basi hizo hapo, zipokee. Yuko darasa la saba na kimo amenipita. Miguu yake ni ya marehemu baba yake kabisa, viatu vya Januari havimtoshi tena. Mimi ni mzima, mgongo tu hunikumbusha umri wakati wa kumwagilia. Mama yangu kule Kinoo anauliza kama bado unaimba kwaya ama sauti ilizeeka.

Mvua imeanza na Loresho ni matope matupu. Kitalu changu cha miche kiko palepale mbele ya ukuta wa yule tajiri, kando ya barabara, na wateja wanakuja. Juzi alisimamisha gari mama mmoja wa Lavington, akaangalia kayaba zangu za ua wa miiba na kuniambia, "Hizi fupi wachana nazo. Nipe ile ndefu, nataka fensi ya haraka." Nikampa ndefu, zile zilizobanana chini ya mjakaranda. Akaenda akifurahi. Mteja akitaka urefu, anauziwa urefu.

Zile fupi zilizokaa juani nimekuwekea wewe. Nimezituma kwa basi kutoka River Road, maboksi manne, jina lako limeandikwa kwa rangi nyekundu. Panda kwa kufuata mstari wa mkonge wa mpaka aliouweka baba mkwe, shubiri moja kati ya mche na mche. Usinicheke kwamba ni mifupi. Ni mifupi kwa sababu imeshiba.

Haraka yangu unaijua. Siku ya kunyoa nywele za matanga, baada ya kumzika mume wangu Nashon, kaka yako Tobias alisimama mbele ya ukoo akasema shamba la ndugu yake likifika Krismasi ijayo bila ua, litarudi kwa ukoo, kwa sababu mjane ni mtu wa Nairobi na mtoto ni msichana, ataolewa. Sijasahau hata neno moja. Kayaba ikishika na kuonekana, hakuna atakayesema shamba halina mwenyewe. Ningekuja kupanda kwa mikono yangu, lakini kitalu hakina wa kukiangalia.

Wifi yako,
Waithera


Kimilili
13 Julai 2003

Mama Naliaka, wifi yangu,

Bwana asifiwe. Usinikasirikie kwa kuchelewa. Sanduku la posta ni la kanisa, na pasta alisafiri na ufunguo mfukoni. Barua iliyotangulia miche niliipata, zile zilizofuata zilikaa humo mwezi mzima.

Huku tu wazima. Tangu elimu iwe bure, shule yetu imefurika, wazee wenye ndevu wanataka kujiunga na darasa la kwanza. Kuku wangu wa madoa alitoweka wiki tatu, nikamlilia, kisha akatokea kwenye mihogo na vifaranga tisa. Kwaya naimba. Mwambie mama yako sauti ipo, ila pumzi ndiyo inaomba ruhusa.

Miche ilifika salama nikaipanda yote kama ulivyosema, na imeshika. Wifi, ungeiona! Imepita goti na inaelekea kiunoni. Imenyooka kama watoto wa shule kwenye paredi, haina hata tawi moja la kuihangaisha. Jani liko huku, lingine liko kule juu, yaani inapanda tu. Wanawake wa kanisa walikuja kuiangalia, wakasema kweli mikono ya Mkikuyu inaotesha. Nikajivuna kama ni mimi.

Tobias hajambo. Ana kazi nyingi.

Agosti usihangaike kuja, barabara imeharibika.

Wako katika Bwana,
Mercyline Naliaka


Kangemi
5 Agosti 2003

Wifi Mercyline,

Hongera kwa vifaranga. Naliaka alicheka hadi akapaliwa, sasa anataka mmoja aitwe jina lake pia. Alikuwa na homa, amepona. Mama hajambo.

Barua yako niliisoma mara mbili, ya pili sikucheka. Kayaba ni mmea wa subira. Ukiupanda juani unakaa chini kwanza, unatoa matawi, unatoa miiba, shina linanenepa, ndipo unaanza kupanda. Sasa yako imefikaje karibu na kiuno kwa miezi mitatu, na bila tawi?

Jumamosi nilimsomea Kanyiva maneno yako. Huyu Kanyiva hufundisha mambo ya mimea pale chuoni Kabete, na amekuwa mteja wangu tangu Nashon akiwa hai. Tulikaa juu ya ndoo zangu akanieleza. Mwanga wa jua una rangi nyingi ndani yake. Jani hula ule mwekundu, ndio linaojipikia nao chakula. Lakini uko mwanga mwingine unaofuata baada ya huo, jicho letu haliuoni, na jani halina haja nao. Linaupitisha chini ama linaurudisha pembeni. Basi mche mdogo ukipata ule mwekundu kidogo na ule mwingine kwa wingi, unajua hapa kuna jirani mwenye majani. Unajua hata kabla jirani hajaufunika. Hapo mipango yote inabadilika. Matawi yanaahirishwa, shina linabaki jembamba, mizizi inapewa makombo, na chakula chote kinaenda kwenye urefu ili ufike juani kabla ya mwenzake.

"Hiyo si kukua, mama Naliaka," akaniambia. "Hiyo ni kukimbia."

Ndipo nilipoelewa miche yangu ya chini ya mjakaranda, ile inayopendwa na watu wa Lavington. Lakini yako haikutoka huko. Mimi mwenyewe niliichagua, na pale kwenye mstari wa mkonge hapakuwa na mti hata mmoja, nakumbuka vizuri kwa sababu siku ya mazishi tulichomwa na jua tukitafuta kivuli.

Kwa hivyo nakuuliza, wifi. Ni nini kimesimama kando ya kayaba yangu?

Waithera


Kimilili
31 Agosti 2003

Mama Naliaka,

Pole kwa homa ya wajina wangu. Mpe uji wa wimbi na ndimu.

Habari ni nyingi. Mzee Oloo, mzee wa kijiji chetu, amepata meno mapya na sasa anatabasamu hata kwenye kesi. Mwezi huu tumefanya harusi mbili kanisani. Katika ya pili bwana harusi alichelewa, tukaimba nyimbo zote tunazozijua tukarudia mwanzo. Dada yetu wa Webuye amejifungua mtoto wa kiume. Viazi vitamu vimekuwa vizuri, ningekutumia lakini vinaoza njiani. Na wewe sasa upike vyakula vya maana, uache kumlisha mtoto wangu githeri kila siku.

Kuhusu kayaba, mwaka huu kulikuwa na mawingu mengi. Nadhani ni mawingu.

Mercyline


Kangemi
9 Septemba 2003

Wifi,

Tu wazima. Mawingu hayana majani. Kanyiva anasema wingu hupunguza mwanga wote kwa pamoja, haliuchagui ule mwekundu likauacha mwingine. Mche hauwezi kuliona wingu ukadhani ni jirani.

Nimekuuliza swali moja ukanijibu kwa harusi mbili na meno ya Mzee Oloo. Nakuuliza tena.

Waithera


Kimilili
12 Oktoba 2003

Mama Naliaka, wifi yangu,

Salamu kwako na kwa wajina wangu. Nimeandika barua hii nikaichana, nikaandika nyingine nikaichana. Hii nitaituma hata ikiwa mbaya.

Ni mahindi. Nilipopanda miche yako Aprili, Tobias alikuwa ameshapanda mahindi yake, na hakuishia kwenye mkonge. Aliuvuka. Mistari iliyovuka iliingia shambani mwako, na kayaba ikawa katikati, mahindi huku na huku. Nilimwambia, "Kaka, si huu ni upande wa Nashon?" Akaniambia, "Nashon anakula mahindi?" Nikainama nikaendelea kupanda. Mahindi yakawa marefu na kayaba ikayafuata. Mimi nilipoona inapanda nilifurahi kweli, hapo sikukudanganya. Nilidhani inashindana nayo na inashinda.

Septemba alivuna. Mabua yalipokatwa, kayaba ikabaki peke yake, ikayumba. Wiki iliyofuata ilikuja mvua ya mawe na upepo, asubuhi nikaikuta imelala chini yote kama nyasi iliyokanyagwa na ng'ombe. Niliifunga kwa vijiti na kamba za mgomba, mmoja mmoja. Tobias alipita akauliza, "Huu ni ua ama ni kamba ya kuanikia nguo?" Watu wakacheka.

Ni huku kwenye njia ya kisimani tu, ambapo mahindi hayakufika, ndipo miche imesimama. Hiyo ni mifupi na ina matawi. Nilikuwa naidharau.

Unataka kujua kwa nini nilinyamaza. Wewe unajua ninapokaa. Nilipoachana na mume wangu nikarudi kwetu, ni Tobias aliyenipa kile chumba nyuma ya jiko lake. Kila siku naamka chini ya kivuli chake. Naogopa, wifi. Nikisema neno, nitaenda wapi na umri huu?

Mercyline Naliaka


Kangemi
28 Oktoba 2003

Wifi Mercyline,

Nimeipokea. Nilikasirika siku mbili, kisha hasira ikanitoka, kwa sababu ningekuwa ndani ya chumba hicho hata mimi ningeandika habari za vifaranga.

Naliaka hajambo, yuko kwenye mitihani. Mama anakusalimu.

Sasa sikiliza kazi. Fungua kamba zote. Mche uliofungwa kwenye kijiti haujifunzi kusimama. Halafu chukua panga kali uukate kila mche uliolala, uache kipande cha vidole vinne tu juu ya udongo. Najua unavyosoma hapo umeshika kichwa. Lakini shina likisharefuka halirudi kuwa fupi, hata ukililetea jua la dunia nzima. Kilichokimbia kimekimbia. Ila mizizi ipo hai, na sasa mahindi hayapo. Machipukizi mapya yatatoka katika mwanga mtupu, hayataona jirani, kwa hivyo hayatakuwa na sababu ya kukimbia. Yatakuja mafupi na manene, na mahali pa shina moja utapata manne ama matano. Hata hapa Loresho ua wowote mnene unaouona ulikatwa ukiwa mdogo. Ile mifupi ya njia ya kisimani usiiguse.

Ubaya wake naujua. Tukikata sasa, Desemba ukoo ukija utaona vijiti. Tobias atasema hakuna ua hapo. Inaweza kutokea tukalipoteza shamba kwa panga letu wenyewe. Lakini tukiacha hivyo ilivyo, wataona kamba ya nguo, na hilo tumeshalisikia. Mimi nachagua kukata. Mkono ni wako, siwezi kuulazimisha.

Na mimi kuna jambo sikukuambia. Yule tajiri wa Loresho anajenga maduka mbele ya ukuta wake. Kitalu kinaondoka Januari. Nilijua tangu Machi, ndiyo maana miche ilikuja upesi hivyo. Sikutaka mjue huko kwamba shamba la Nashon ndilo pekee nililobaki nalo la kushikia jembe. Nilikuambia siji kwa sababu ya kitalu. Ukweli ni kwamba siku ya kunyoa niliitwa mgeni mbele ya mtoto wangu, na hakuna aliyefungua mdomo. Iliniuma, bado inaniuma.

Kwa hivyo nijibu neno moja tu, la kayaba liache. Wewe mwenyewe unataka niwe jirani yako?

Waithera


Kangemi
27 Novemba 2003

Wifi,

Mwezi umekwisha na sijapata kitu. Pasta amesafiri na ufunguo tena?

Jana nilikwenda Kenyatta Market kusukwa nywele, nikakaa pale kutwa nzima miguu ikafa ganzi. Yule msusi, Syokimau, akaniuliza ninaenda wapi nimependeza hivi. Nikamwambia naenda nyumbani kwa mume wangu Krismasi. Sijui kama ni kweli.

Naliaka anaomba ufunge vifaranga wasiliwe kabla hajafika. Sijamjibu. Nakungoja wewe.

Waithera


Kimilili
14 Desemba 2003

Wifi Waithera,

Leo nitaanza na jambo, salamu zitakuja nyuma.

Nilikata. Siku ileile barua yako ilipofika, kabla moyo haujageuka, nilichukua panga la marehemu mama nikaenda. Nilikata nikilia. Jirani akapita njiani akaniita, "Mercy, umekosana na wifi yako?" Nikamwambia ni yeye aliyenituma, akaenda akitikisa kichwa. Nilipomaliza, shamba lilikuwa tupu kabisa, nikakosa hata nguvu ya kunywa chai. Sikukuandikia kwa sababu ningekuandikia nini? Kwamba una vijiti? Nikasema nitangoja vichipue kwanza. Vikachelewa. Nilikuwa nikienda kila asubuhi kuviangalia mpaka kuku wakanizoea. Kisha ikanyesha, na kwenye kila kijiti nikaona vidoti vya kijani. Sasa kila kimoja kina machipukizi yake, mafupi, yamekaza, yana miiba. Umesema kweli.

Lakini ngoja. Tobias alikisogeza kikao. Hakutaka kikukute hapa. Kilikuwa jana Jumamosi, Mzee Oloo akiwa mwenyekiti, na ukoo wote ukaenda kusimama kwenye shamba lako. Tobias akasema, "Ua uko wapi? Mimi naona vijiti." Akainama aking'oe kimoja awaonyeshe. Hakikung'oka. Akavuta kwa mikono miwili, mwiba ukamwingia kiganjani hadi akaruka. Mzee Oloo akacheka na meno yake mapya yote. "Vijiti vinauma siku hizi?" akasema.

Tobias akakasirika. Akasema, "Miche ilikuwa mibovu tangu Nairobi. Ilikuwa mirefu, myembamba, ikaanguka yenyewe. Huyo mama hajui hata kupanda." Na watu wakaanza kukubali, maana wote waliiona imelala.

Wifi, siku ya kunyoa nilikaa kimya. Jana miguu ilinyanyuka kabla yangu. Nilikwenda jikoni nikaleta shina moja refu, nililihifadhi nilipokata, sijui kwa nini. Nikaliweka chini, kando ya ule mche mfupi wa njia ya kisimani wenye matawi. Mzee Oloo akauliza, "Hii na hii zilipandwa siku moja?" Nikasema siku moja, boksi moja, mkono mmoja. Akainama akalipima shina kwa macho, akaona jani liko huku na lingine kule. Akauliza, "Sasa hii ndefu ilikuwa inakimbia nini?" Nikasema, "Mahindi." Akauliza, "Mahindi ya nani?"

Nilimwangalia kaka yangu. Aliniangalia vile alivyokuwa akiniangalia tukiwa wadogo nikitaka kumsema kwa baba. Nikasema, "Ya Tobias. Yalivuka mkonge."

Kila mtu alikuwa anajua, wifi. Yale mahindi hayakujificha. Lakini hakuna aliyekuwa ameulizwa, na mimi ndiye niliyekuwa na jibu mkononi. Mzee Oloo akasema ua upo, umepandwa na umechipua, na mwakani mahindi yatakoma kwenye mkonge. Akasema shamba ni la mama Naliaka na mtoto wake, msichana ni mtoto, na anayetaka kubisha aje abishe wewe ukiwepo. Hakuna aliyebisha. Nilitamani ungekuwa umesimama pale na nywele zako za Kenyatta Market.

Jioni Tobias alikuja mlangoni na kiganja kimefungwa kitambaa. Akaniambia, "Umenifundisha adabu mbele za watu. Sasa tafuta pa kukaa." Nikamwambia, "Nimeshapata." Sikuwa nimepata, lakini nilipolisema niliona ni kweli.

Umeniuliza kama nataka uwe jirani yangu. Kwenye ua wako, upande unaotazama jiko, kuna nafasi ya upana wa mlango ambapo sikupanda kitu. Niliiacha tangu Aprili, miche ilipofika, ili ukija niwe napita hapo kukusalimu bila kuzunguka kwa Tobias. Sasa itabidi nipite hapo na kitanda changu, nikihamia kwenu.

Vifaranga nimewafunga. Naye wajina wangu msalimu, mwambie shangazi yake anamngoja mlangoni kwenu.

Wifi yako na jirani yako,
Mercyline Naliaka